Kujenga Reli Ndogo Nyumbani na Kuiendeleza Siku kwa Siku: Mwongozo Kamili

Reli ndogo ya nyumbani huendelea kujengwa pale ambapo treni tayari zinatembea juu yake. Mtu mwenye kipande kifupi cha reli kinachofanya kazi hurudi mezani kila jioni kwa hamu, hata akiwa na dakika 20 tu za kutumia, ilhali mtu mwenye fremu kubwa iliyojaa nyaya zisizounganishwa hupita kando yake kwa miezi mingi bila kuigusa. Kwa sababu hiyo mwongozo huu umepangwa ili treni ya kwanza iende mapema, kabla ya milima, miti na majengo, na ili kila hatua inayofuata iongezwe juu ya kitu ambacho tayari kimejaribiwa na kuaminika.

Hatua ya kwanza: kuchagua skeli

Skeli ni uwiano kati ya treni halisi na treni ndogo, nayo ndiyo itakayoamua ukubwa wa meza, upana wa kona na hata aina ya zana utakazohitaji. Skeli iliyoenea zaidi duniani ni HO, yenye uwiano wa 1:87, ambayo reli zake mbili zimeachana kwa milimita 16.5. Inayofuata ni N, yenye uwiano wa 1:160 na upana wa reli wa milimita 9, ambayo ilianza kuuzwa na kampuni ya Arnold ya Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kati ya hizo mbili ipo TT ya 1:120, na chini zaidi ipo Z ya 1:220 yenye upana wa milimita 6.5, iliyoletwa na Märklin mwaka 1972. Skeli O ni kubwa zaidi kuliko HO na hutumia reli ya milimita 32, lakini uwiano wake hubadilika kutoka nchi hadi nchi: Wamarekani hutumia 1:48, Waingereza 1:43.5, na sehemu kubwa ya Ulaya bara 1:45.

Jambo la kuangalia kwa makini ni kwamba upana wa reli kuwa sawa hakumaanishi kwamba skeli ni sawa. Modeli za Uingereza za OO zina uwiano wa 1:76, nazo hutembea juu ya reli ileile ya milimita 16.5 inayotumiwa na HO, kwa hiyo treni zitakwenda bila tatizo lakini majengo na mabehewa yakiwekwa pamoja yataonekana kupishana kwa ukubwa. Vivyo hivyo, modeli nyingi za Kijapani za N zina uwiano wa 1:150 na za Kiingereza 1:148. Soma kwanza kilichoandikwa kwenye kisanduku, kisha ununue.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni HO, isipokuwa kama nafasi ni finyu sana. Katika HO mtu mwenye urefu wa mita 1.74 ana urefu wa milimita 20 kamili, mlango wa mita 2 una milimita 23, na vidole vya mtu mzima vinaweza kurekebisha magurudumu bila kioo cha kukuzia. N humpa mjenzi nafasi ya kuonyesha treni ndefu zikipita katika mandhari pana, na kwa anayependa mandhari kuliko ufundi wa injini hilo ni jambo la thamani kubwa, lakini inadai mkono mtulivu zaidi na reli safi zaidi.

Hatua ya pili: mpango unaoweza kukamilika

Mjenzi mpya akipewa karatasi huchora duara kubwa linalozunguka chumba kizima, madaraja mawili na stesheni yenye majukwaa sita. Stesheni halisi yenye urefu wa mita 400 ingehitaji mita 4.6 katika HO, yaani chumba kizima kwa stesheni peke yake. Kila mjenzi hulazimika kufupisha, na anayeanza hulazimika kufupisha zaidi.

Mpango ninaoupendekeza bila kusita unaitwa Inglenook, uliobuniwa na Mwingereza Alan Wright. Una njia tatu za kando zinazotoka kwenye njia moja ya kuvutia, yaani njia ambako injini huyavuta mabehewa ili kuyahamisha, nao unahitaji pointi mbili tu, yaani zile sehemu ambapo reli hugawanyika na kumwelekeza dereva upande mmoja au mwingine. Njia ndefu kati ya hizo tatu inabeba mabehewa matano, mbili zilizobaki zinabeba matatu kila moja, na njia ya kuvutia inatosha injini na mabehewa matatu. Mabehewa yote ni manane. Unaandika kila behewa kwenye kadi, unachanganya kadi, unavuta tano, kisha unaitumia injini kuyapanga mabehewa hayo matano katika njia ndefu kwa utaratibu uleule wa kadi zilivyotoka. Kwa kuwa unachagua matano kati ya manane na utaratibu una maana, treni zinazoweza kutakiwa ni 8 × 7 × 6 × 5 × 4, yaani 6,720. Hakuna hatari ya kuimaliza.

Hesabu ya nafasi ni hii. Behewa la mizigo la futi 40 katika HO lina takriban sentimita 15 ukijumlisha viungo vyake vya kuunganishia mabehewa. Njia ndefu itachukua sentimita 75, zile fupi 45 kila moja, na njia ya kuvutia takriban 63 ikiwa injini ina sentimita 18. Ukiongeza pointi mbili za sentimita 22 hivi, jumla inafika sentimita 182, kwa hiyo ubao wa mita 1.9 kwa sentimita 30 unatosha. Katika N mpango huohuo unaingia katika takriban mita moja. Ongeza sentimita chache kwa kila njia, kwa sababu behewa lililosimama karibu mno na pointi litagongwa na lile linalopita njia ya jirani.

Kama moyo wako unataka treni inayozunguka bila kusimama, basi panga kona kabla ya kitu kingine chochote. Kona ya HO inayouzwa katika visanduku vya kuanzia huwa na nusukipenyo cha sentimita 46 hivi, na hiyo inafaa injini fupi na mabehewa mafupi tu. Kipimo cha kutegemewa ni kwamba nusukipenyo kiwe angalau mara tatu ya urefu wa behewa refu kuliko yote utakayotumia. Kwa behewa la abiria la sentimita 25 unahitaji sentimita 75. Mteremko nao usizidi asilimia 2, au 3 ukibanwa sana. Ili njia moja ipite juu ya nyingine katika HO, inabidi ipande takriban sentimita 9 ukihesabu unene wa daraja, na kwa asilimia 2 hiyo ni safari ya mita 4.5. Nambari hiyo peke yake huonyesha kwa nini mpango wa kwanza unafaa uwe tambarare.

Hatua ya tatu: meza

Meza ya reli haihitaji kuwa nzuri bali inahitaji kunyooka na kutotikisika. Fremu ya mbao kavu zilizonyooka, yenye mbao za kukingama kila sentimita 40 hivi, ikifunikwa kwa plaiwudi ya milimita 12, hudumu miaka mingi. Wengi siku hizi huweka juu yake bamba la povu gumu la kuhami joto lenye unene wa sentimita 5, kwa kuwa ni jepesi na linaweza kuchongwa mito na mitaro chini ya usawa wa reli. Funga kwa skrubu, wala si kwa misumari, ili uweze kufungua na kurekebisha.

Kimo cha kati ya sentimita 100 na 130 kutoka sakafuni humleta mtazamaji karibu na usawa wa treni, na treni inayotazamwa kwa ubavu hupendeza kuliko ile inayotazamwa kutoka juu. Upana usizidi sentimita 70 ikiwa unaweza kuifikia meza kutoka upande mmoja tu, kwa sababu siku moja behewa litaanguka kule mwisho na mkono wako utalazimika kupita juu ya kila kitu ulichojenga. Kabla ya kuendelea, hakikisha kwa pimamaji kwamba ubao uko sawa kwa urefu na kwa upana. Mabehewa yenye magurudumu mazuri huanza kutembea yenyewe kwenye mwinamo ambao jicho haliuoni.

Hatua ya nne: kulaza reli

Hapa ndipo muda wako mwingi unapostahili kutumika. Karibu kila tatizo litakalokusumbua baadaye, iwe ni treni kuacha njia, injini kukwama au viungo vya mabehewa kuachana, huzaliwa wakati wa kulaza reli.

Nunua reli za nikeli-silva, ambayo ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Hupitisha umeme vizuri kwa miaka, hata zikipoteza mng'ao. Kimo cha reli huonyeshwa kwa namba iliyotokana na sehemu za elfu za inchi: reli ya namba 100 ina kimo cha milimita 2.54, namba 83 ina milimita 2.1, na namba 55, inayotumiwa sana katika N, ina milimita 1.4. Reli ya namba 83 inafanana zaidi na reli halisi katika HO, ilhali ile ya 100 huvumilia zaidi makosa madogo ya mjenzi na magurudumu ya zamani.

Anza kwa kuchora mstari wa katikati wa kila njia juu ya ubao. Weka pointi kwanza mahali pake, kwa kuwa hizo hazipindiki, halafu unganisha nafasi zilizobaki kwa reli za kupinda, ambazo kwa kawaida huuzwa kwa urefu wa milimita 914. Chini ya reli bandika ukanda wa koki, yaani gome jepesi linalotumika kwa vizibo vya chupa, ambao hupunguza kelele na kuipa njia kile kimo cha tuta tunachokiona kwenye reli za kweli. Kwa kubandika mataruma, yale magogo madogo yanayoshika reli, juu ya koki tumia gundi ya akriliki ya kuzibia nyufa, ukiitandaza nyembamba kiasi kwamba unaona koki kupitia kwake. Reli ikihitaji kuhamishwa, unaingiza kisu bapa chini yake na inatoka nzima. Chini ya pointi usiweke gundi kabisa, zishikilie kwa reli za pande zote mbili.

Reli ikikatwa huacha kingo kali, na kingo hizo ndizo zinazoinua gurudumu. Pitisha tupa ndogo juu, chini na kwa ndani ya kila mwisho uliokatwa, kisha pitisha ukucha wako kwenye kiungo: ukucha ukikwama, gurudumu nalo litakwama. Vaa miwani ya kinga unapokata kwa mashine, kwa sababu kipande cha chuma hurukia popote.

Viungo vya reli vilivyo ndani ya kona vina tabia ya kuvunjika na kufanya pembe. Dawa yake ni kuunganisha reli mbili za kupinda zikiwa bado zimenyooka mezani, kuzilehemu kwenye kiungo, na ndipo kuzipinda pamoja kama reli moja ndefu. Kwenye njia zilizonyooka usilehemu kila kiungo. Acha nafasi ya takriban nusu milimita katika baadhi yake. Chuma chenyewe hurefuka kidogo sana, takriban theluthi moja ya milimita kwa kila mita joto likipanda kwa nyuzi 20, lakini mbao chini yake huvimba na kusinyaa kwa unyevu wa hewa, na reli iliyofungwa pande zote hupinda upande mmoja katikati ya usiku wa mvua.

Kati ya njia mbili zinazokwenda sambamba acha sentimita 5 katika HO, ukipima kutoka katikati hadi katikati, na zaidi ya hapo kwenye kona, kwa maana ncha za mabehewa marefu hutokeza nje. Kwa kupima upana wa reli na umbali wa magurudumu, kipimo cha chuma cha NMRA, chama cha wajenzi wa reli ndogo kilichoanzishwa Marekani mwaka 1935, ni zana ndogo ambayo singependa mtu yeyote aanze bila kuwa nayo.

Hatua ya tano: umeme

Kuna njia mbili za kuendesha treni kwa umeme. Katika ile ya zamani, kidhibiti hutoa umeme wa moja kwa moja wa hadi volti 12, na kasi ya injini hufuata volti zilizopo relini. Injini mbili juu ya njia moja zitakwenda pamoja, utake usitake. Katika ile ya kidijitali, iitwayo DCC, reli hubeba umeme wa kudumu wa takriban volti 14 hadi 16 katika HO pamoja na amri, na kila injini ina dikoda ndani yake inayosikiliza amri zenye anwani yake tu. Mfumo huu ulitokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani, na NMRA iliupitisha kuwa kiwango katika miaka ya 1990, ndiyo maana kituo cha kutoa amri cha kampuni moja huweza kuendesha dikoda ya kampuni nyingine.

Kwa Inglenook yenye injini moja kidhibiti cha kawaida kinatosha kabisa. Hata hivyo, jenga nyaya zako kana kwamba siku moja utahamia kwenye dijitali, kwa kuwa kazi ya ziada ni ndogo.

Chini ya meza pitisha nyaya kuu mbili zenye unene wa milimita za mraba 2.5, nyekundu na nyeusi. Kutoka kila kipande cha reli shusha nyaya tawi mbili nyembamba, za milimita za mraba 0.5 hivi na zisizozidi sentimita 30, uziunganishe na zile kuu. Usitegemee viungo vya reli kupitisha umeme. Vinapokuwa vipya vinapitisha, lakini baada ya rangi, gundi na vumbi vinaacha. Nyekundu iende daima kwenye reli ya nyuma na nyeusi kwenye reli ya mbele, na baada ya kuunganisha kila jozi pima kwa multimita kama hakuna shoti kabla hujaongeza jozi nyingine. Ukiunganisha zote kisha ukapima mara moja mwishoni, shoti itakayojitokeza itakugharimu jioni nzima ya kutafuta.

Kulehemu waya kwenye reli kunatisha zaidi kabla ya kujaribu kuliko baada yake. Kwangua ubavu wa nje wa reli kwa msasa, paka rosini kidogo, yaani utomvu unaosaidia kulehemu, weka risasi ya kulehemu kidogo kwenye waya kwanza, halafu bonyeza waya kwenye reli kwa ncha ya pasi ya kulehemu yenye joto kamili kwa sekunde mbili au tatu tu. Mataruma ya plastiki huyeyuka kwa sababu ya pasi baridi inayokaa muda mrefu, si kwa sababu ya pasi yenye moto wa kutosha inayoondoka haraka. Fungua dirisha ili moshi utoke, na unawe mikono baadaye ikiwa risasi ya kulehemu uliyotumia ina madini ya risasi (lead).

Pointi zina jambo lake. Katikati ya kila pointi kuna kipande cha chuma ambapo reli mbili zenye umeme tofauti hukatana. Kwenye baadhi ya pointi kipande hicho ni cha plastiki au hakina umeme, na injini fupi huweza kukwama juu yake. Kwenye nyingine kina umeme, lakini lazima umeme huo ubadilike kila pointi inapogeuzwa. Kwa pointi za aina hii ya pili weka viungio vya plastiki kwenye reli mbili za ndani zinazotoka katikati, na unganisha kipande hicho na swichi inayogeuka pamoja na pointi. Kazi hii ni ya saa moja kwa kila pointi, na kwa mpango wa kupanga mabehewa, ambapo injini hutambaa polepole juu ya pointi mchana kutwa, ninaiona kuwa ya lazima.

Ukitumia dijitali, fanya jaribio la sarafu. Washa kituo, kisha laza sarafu ya chuma juu ya reli zote mbili mahali mbalimbali, hasa mbali na kituo. Kituo lazima kikate umeme papo hapo kila mara. Kisipokata mahali fulani, nyaya za hapo ni nyembamba au ndefu mno, na injini ikiacha njia hapo, ampea 5 kwa volti 15 ni wati 75 za joto zinazopita katika plastiki. Ongeza nyaya tawi na urudie. Transfoma yenyewe, upande wa umeme wa nyumba, usiifungue kamwe.

Dikoda mpya huja na anwani namba 3. Ipe kila injini anwani yake mara tu unapoinunua. Mipangilio ya ndani huhifadhiwa kwa namba: namba 2 ni volti ya kuanzia, 3 ni jinsi injini inavyoongeza mwendo, 4 jinsi inavyopunguza, na 5 kasi ya juu. Ongeza kidogo namba 3 na 4, shusha namba 5, na injini iliyokuwa ikiruka kama gari la kuchezea itaanza kuondoka kwa uzito wa injini ya tani 80.

Hatua ya sita: majaribio kabla ya kokoto

Usiguse kokoto wala rangi kabla reli haijapita mtihani. Sukuma behewa moja kwa mkono kila mahali, polepole, ukiwa umeinama macho yakiwa usawa wa reli. Kisha vuta treni nzima, halafu isukume kinyumenyume kupitia kila pointi kwa pande zote mbili. Treni inayosukumwa hufichua kasoro ambazo treni inayovutwa huzificha.

Treni ikiacha njia, weka kibendera cha karatasi mahali hapo na uandike kwenye daftari namba ya behewa. Baada ya jioni chache jibu linajitokeza lenyewe: mabehewa tofauti yakianguka mahali pamoja, kasoro iko kwenye reli, behewa moja likianguka mahali tofauti, kasoro iko kwenye behewa. Kwa behewa, pima kwanza umbali wa magurudumu, kisha kimo cha viungo, kisha uzito. NMRA inapendekeza katika HO gramu 28 za msingi na takriban gramu 5.6 kwa kila sentimita ya urefu, kwa hiyo behewa la sentimita 15 linafaa kuwa na gramu 112 hivi. Mabehewa mengi huuzwa yakiwa mepesi kuliko hapo, nayo hutulia mara tu unapobandika kipande cha chuma sakafuni mwake.

Kasi nayo ipimwe. Treni halisi inayokwenda kilomita 40 kwa saa, ikipunguzwa kwa 87, hupita karibu sentimita 13 kwa sekunde, kwa hiyo mita moja huchukua sekunde 8. Watu wengi huendesha mara mbili au tatu ya mwendo huo bila kujua.

Hatua ya saba: kokoto na mandhari

Reli ikishaaminika, paka ubavu wake rangi ya kutu na ufute juu mara moja kabla haijakauka. Kisha mimina kokoto laini kati ya mataruma na uzitandaze kwa brashi hadi hakuna punje iliyobaki juu ya mataruma wala kwenye ubavu wa ndani wa reli. Nyunyizia maji yenye matone machache ya sabuni ya vyombo mpaka kokoto zilowe, ndipo udondoshe gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa. Bila kulowesha kwanza, gundi hujikusanya juu na kusogeza kokoto. Kwenye pointi tumia kokoto kidogo sana, na usiweke chochote karibu na ndimi zinazosogea. Acha ikauke siku nzima.

Majengo yatengeneze kwanza kwa kadibodi yenye vipimo kamili na uyaache mezani kwa wiki kadhaa huku ukiendesha. Ghala lililoonekana zuri kwenye karatasi mara nyingi huficha kiungo unachohitaji kukiona, na kadibodi husogezwa bila gharama. Ardhi ipakwe rangi ya udongo kabla ya majani yoyote, kisha weka nyasi fupi, halafu ndefu kidogo, halafu vichaka, ukiacha sehemu tupu pale ambapo watu na magari wangepita.

Kazi ya kila siku

Gawa kazi katika aina tatu: chafu, safi na za kufikiri. Kukata povu na kumimina kokoto ni kazi chafu inayohitaji mchana mzima wa kupumzika. Kulehemu waya mbili au kurekebisha kiungo ni kazi safi ya dakika 20. Kuchora, kupima na kuandika kadi za mabehewa hufanyika hata ukiwa umechoka. Weka kazi safi iliyo mkononi kwenye sinia moja pamoja na zana zake, ili dakika zako zisiishie katika kutafuta kibanio. Kabla ya kuondoka mezani, andika kwenye daftari hatua inayofuata kwa sentensi moja iliyo wazi: "lehemu waya mweusi wa njia ya pili" ni bora kuliko "endelea na umeme".

Kila unapoanza, futa reli kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa kidogo kwa alkoholi ya isopropili. Msasa usiutumie, kwa maana mikwaruzo yake hushika uchafu upesi zaidi. Magurudumu ya injini yasafishe kwa kulaza karatasi laini yenye alkoholi juu ya reli, upande mmoja wa magurudumu ukiwa juu yake na mwingine ukipata umeme kwenye reli tupu, kisha ugeuze. Mafuta yawe tone moja linaloning'inia kwenye ncha ya sindano, tena pale tu karatasi ya maelekezo ya injini inapoonyesha. Treni ikishalala, funika meza kwa shuka jepesi.

Piga picha kutoka sehemu ileile kila mwezi. Maendeleo ya reli ndogo hayaonekani kwa anayeitazama kila siku, na picha hizo humrudishia mjenzi imani katika majuma ambayo kazi yote ilikuwa chini ya meza.

Kupanua

Wakati wa kupanua utakapofika, ongeza ubao mmoja kwa wakati, usiozidi sentimita 120 kwa 60 ili uweze kubebwa na mtu mmoja kupita mlangoni. Njia zinazovuka kutoka ubao hadi ubao zivuke zikiwa zimenyooka na kwa pembe mraba na ukingo, wala pointi isiwekwe juu ya mpaka. Lehemu ncha za reli kwenye skrubu za shaba zilizopigwa ukingoni, kisha kata reli baada ya mbao mbili kufungwa pamoja kwa boliti, ili ncha zikutane sawasawa kila zinapofungwa tena. Nyaya kuu ziunganishe kwa plagi ambayo haiwezi kuingizwa kinyume, na ubao mpya uupitishe katika mtihani uleule wa behewa moja kwa mkono, treni kinyumenyume na sarafu, kabla hujaweka juu yake hata punje moja ya kokoto.